Mstari Ulioingia Ukutani

Kama kuna kitu kilichomkera Inspekta kuliko uongo, ni uongo uliopigwa pasi. Uongo wa mwizi wa kuku huja na matope miguuni, ukiubana kidogo tu unalia wenyewe. Lakini uongo wa kiwanda cha magari ulikuja na chai, na kiyoyozi, na picha kubwa ya jani la kijani lililoota juu ya usukani. Alikuwa ameitazama picha hiyo tangu asubuhi, na kila alipoitazama alizidi kuona kuwa anachezewa.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Kiwanda kilikuwa kimetangaza kila mahali kwamba tangu mwanzo wa mwaka hakitoi moshi hata wa sigara. Boila la zamani lililokuwa likichoma mafuta mazito limezimwa, na wakaguzi kutoka nje wanakuja kesho kuwavisha nishani. Sasa, kiwandani hapo kulikuwa na kipima moshi cha serikali, kimefungwa kwa lakiri ambayo mtu haruhusiwi kuigusa. Mamlaka ya mazingira ilipouliza kiko wapi, kampuni ikajibu kimeibiwa. Aliyekuwa na ufunguo ni fundi vipimo. Fundi vipimo akawekwa mahabusu, na leo saa tisa alikuwa anapelekwa mahakamani kwa kosa ambalo adhabu yake ni miaka gerezani.

Fundi mwenyewe hakumsaidia mtu, hata nafsi yake.

"Umeiba?" Inspekta alimuuliza asubuhi ile kituoni.

"Sikuiba, afande."

"Nani kaiba?"

Fundi alivuta kola ya shati lake.

"Mara ya mwisho ulikiona wapi?"

"Mahali pake."

"Mahali pake ndiyo wapi?"

Fundi aliinamia sakafu. "Afande, mimi nina mkwe."

"Kila mwenye mke ana mkwe! Sasa mkwe na kipima moshi wapi na wapi?"

Hapo akafunga mdomo, na hata ungemletea patasi usingeufungua.

Kituoni walimwita Inspekta Mama Kwanini, na si kwa mapenzi. Mtu huiba kitu akiuze, akitumie, au amkomoe mwenzake. Kipima moshi kimepigwa chapa ya serikali kila upande, hakuna wa kukinunua. Nyumbani hakipimi kitu. Na juu ya yote, kwa nini mtu aibe kipima moshi mahali ambapo hakuna moshi? Mkuu wa kituo alimwambia aache falsafa, afunge jalada. Inspekta akachukua mkoba wake, akaja kiwandani.

Meneja wa kiwanda aliingia hatimaye, mtu wa shati jeupe na mkono laini. Pamoja naye alikuja mwanamke kijana ambaye kazi yake, kwa mujibu wa kitambulisho kilichoning'inia shingoni, ilikuwa Afisa wa Ahadi za Tabianchi. Inspekta alimpa jina la Bibi Ahadi papo hapo, moyoni.

"Kwanza kabisa," Bibi Ahadi alisema, "tungependa utambue kwamba safari yetu ya kuelekea sifuri..."

"Kipima kiliibwa wapi?"

"Stoo," Meneja alisema.

"Kabla ya stoo kilikuwa wapi?"

"Kwenye dohani."

"Dohani iko wapi?"

"Tuliibomoa. Ni sehemu ya ahadi yetu."

"Mliibomoa lini?"

Meneja alimtazama Bibi Ahadi. Bibi Ahadi alilitazama jani. "Dohani hiyo haipo tena ndani ya mipaka yetu," alisema.

Lilikuwa jibu la ajabu kwa swali la lini. Inspekta aliliweka pembeni kama mtu anavyoweka mwiba wa samaki ukingoni mwa sahani.

"Magari mnayapaka rangi hapa?"

"Tena rangi ya kisasa, isiyo na..." Bibi Ahadi alidakia.

"Na mnaikaushaje?"

"Kwenye tanuri."

"Tanuri linapata joto wapi?"

"Tunanunua."

"Joto? Mnanunua joto? Sokoni?"

"Kwa mtoa huduma," Meneja alisema, akitabasamu kwa meno ya mbele tu.

"Mtoa huduma gani?"

"Inspekta, kwa heshima zote, umekuja kwa ajili ya wizi au kwa ajili ya joto?"

"Nimekuja kwa ajili ya mtu aliyelala sakafuni kwa siku hizi zote. Nipelekeni stoo."

Kwenda stoo haikuwa kazi ndogo. Kwanza alikabidhiwa kwa ofisa wa usalama kazini, bwana mnene mwenye filimbi shingoni, ambaye alimlazimisha kutazama filamu ya maafa, akamvika kofia ngumu iliyomfika kwenye nyusi, na fulana inayong'aa iliyoandikwa MGENI.

"Kanuni ni moja tu, mama," Bwana Usalama alisema. "Usitoke kwenye mstari wa njano. Hata ukiangusha pochi, iache. Mstari ndio uhai."

Mstari ulikuwa umepakwa sakafuni, mpana, umechorwa nyayo za miguu kila hatua chache kuonyesha watu wapite wapi. Inspekta aliufuata huku akisikia damu ikimchemka kichwani chini ya ile kofia.

Stoo alionyeshwa dirisha lililokatwa nondo. Meneja alilinyooshea kidole kama mwenye nyumba anayeonyesha bustani. "Alipitia hapa."

"Si mlisema alikuwa na ufunguo?"

"Ndiyo."

"Mwenye ufunguo anakata nondo kwa nini?"

"Kutupotosha."

"Amefaulu," Inspekta alisema. "Kilikuwa kimewekwa wapi?"

Walimwonyesha rafu yenye kibandiko kipya kabisa: KIPIMA MOSHI. Aliikagua polepole. Vumbi lilikuwa limelala juu ya rafu nzima, sawasawa, toka pembe hadi pembe, limetulia kama blanketi kwenye kitanda kilichotandikwa. Kitu kizito kikikaa mahali kwa miezi kisha kikaondoka, huacha pahala pake pasafi. Hapa hapakuwa na pahala. Hakuna kilichowahi kukaa pale zaidi ya vumbi na kile kibandiko.

Uzoefu ulikuwa umemfundisha kwamba ukimwambia mwongo ulichokiona, atakupa kingine cha kuona.

"Nataka kupaona ilipokuwa dohani," alisema.

"Hakuna cha kuona," Meneja alisema haraka. "Na mimi nina kikao. Ofisa atakutoa hadi getini."

Meneja na Bibi Ahadi waliondoka. Bwana Usalama alinyoosha mkono kuelekea geti. Inspekta akaelekea upande mwingine.

"Mama! Geti ni huku!"

"Nimetoka kwenye mstari?"

Bwana Usalama alitazama chini. Hakuwa ametoka. Mstari wa njano uligawanyika pale, tawi moja likienda getini na jingine likienda ndani zaidi, na kanuni ilikuwa moja tu.

"Basi niache nifuate uhai wangu," Inspekta alisema.

Waliupita ukumbi wa rangi, ambako mabodi ya magari yaliingia tanurini yakining'inia kwenye mnyororo na kutoka upande wa pili yaking'aa. Joto lilimpiga usoni hata kupitia kioo. Mstari ukapinda kulia, ukaelekea bango kubwa la turubai lililotundikwa ukutani, jani lile lile na usukani ule ule, neno SIFURI kwa herufi za urefu wa mtu. Kisha ukalipita pembeni, ukaingia moja kwa moja ukutani.

Inspekta alisimama pua yake ikikaribia kugusa tofali.

Ukuta ulikuwa mpya, saruji yake bado ina rangi ya jivu bichi. Pale chini, unyayo wa mwisho ulikuwa umekatwa katikati. Kisigino kilikuwa upande huu. Vidole havikuwepo.

"Huu mstari unakwenda wapi?"

"Uliishia hapa tangu zamani, mama."

"Waliochora mstari walichora kisigino wakachoka?"

Bwana Usalama alijikuna shingo. "Utarekebishwa. Tumeshaandika kuomba rangi."

"Kiwanda cha magari kinaomba rangi." Alihesabu pumzi zake. Kuna siku alitamani angekuwa mwalimu wa chekechea. "Na hilo bomba?"

Juu ya vichwa vyao bomba nene lililofungwa karatasi ya fedha lilitokea ukutani na kwenda moja kwa moja kwenye tanuri. Na juu ya ukuta, ng'ambo, ilichomoza dohani ndefu ya matofali mekundu ikitema moshi mweusi, mzito, usio na haya hata kidogo.

"Ile ya nani?"

"Ya jirani," Bwana Usalama alisema, na kwa mara ya kwanza alikuwa na hakika. "Kampuni nyingine kabisa. Mwenzetu hana ahadi. Uongozi umeshamwandikia barua mbili kumlalamikia."

Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni. "Kuna mlango wa kwenda kwake?"

"Hatufahamiani naye kabisa, mama."

Simu ikalia. Alikuwa Mkuu. "Uko wapi mpaka sasa? Gari la mahabusu linawekwa mafuta."

"Wazungushe kidogo, Mkuu. Tairi likaguliwe."

"Inspekta, usinitie matatani na watu wakubwa."

"Nusu saa tu."

Alitoka getini, akavua ile kofia akaitundika kwenye mkono wa Bwana Usalama, akazunguka kwa mguu. Barabara ya nyuma haikuwa na kivuli wala njia ya waenda kwa miguu, na malori yalimpita yakimmwagia vumbi. Alifika kwa jirani jasho likimtiririka na hasira zimeiva. Geti halikuwa na jina la kampuni wala namba. Mlinzi alikiona kitambulisho cha polisi, akafungua bila kuuliza. Sare yake ilikuwa ile ile ya walinzi wa upande wa pili, ila nembo ya jani ilikuwa imebanduliwa kifuani, ikabaki alama ya gundi.

Ndani kulikuwa na boila moja kubwa likinguruma, tangi la mafuta mazito, na dohani. Hakuna kingine. Hakuna bidhaa, hakuna ofisi, hakuna mteja. Inspekta hakulitazama boila kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta, akainama.

Pale sakafuni, vikitokea chini ya tofali, kulikuwa na vidole vya mguu vya njano. Mbele yake unyayo mwingine, na mwingine, na mstari ukaendelea hadi miguuni pa dohani kana kwamba hakuna aliyewahi kujenga chochote.

Hakuna aliyekuwa amebomoa dohani. Walichofanya ni kuhamisha mpaka. Boila lilibaki lilipokuwa, moshi ule ule, mvuke ule ule unaokausha rangi ile ile, wakapitisha ukuta katikati na kuuita upande wa pili jirani. Bibi Ahadi hata hakudanganya, masikini. Moshi haukuwepo ndani ya mipaka yao.

"Unatafuta nini chini hapo, binti? Umeangusha hereni?"

Alikuwa mzee mwenye ovaroli iliyopauka na kitambaa begani, mtu wa boila bila shaka, uso wake ukimeremeta jasho. Inspekta alijitambulisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Polisi? Kuna nini?"

"Natafuta kipima moshi."

Mzee aligeuka akanyoosha mkono juu, kwenye kizimba cha ngazi ya dohani. "Si kile pale. Kimepata nini?"

Kilikuwepo. Sanduku la bluu, taa yake ndogo ikipepesa, lakiri ya serikali ikiwa nzima, nyekundu, imefunikwa masizi ya miezi. Inspekta alihisi kucheka na kupiga kelele kwa pamoja. Hakuna aliyethubutu kuivunja lakiri, maana kuivunja ni jela. Basi wakaona afadhali wajenge ukuta, waseme kimeibiwa, na jela aende mtu mwingine.

"Kimeripotiwa kuibiwa," alisema.

"Kimeibiwaje na kinafanya kazi? Nani kakiiba?"

"Wamemkamata fundi vipimo."

Kitambaa kilimponyoka Mzee begani. "Mkwe wangu yuko kozi," alisema. "Binti yangu kaniambia yuko kozi."

Sasa Inspekta alielewa. "Yuko mahabusu, baba. Saa tisa anapandishwa kizimbani. Nimemuuliza mara ngapi kipima kiko wapi, akaishia kuniambia ana mkwe. Akisema kiko hapa, hapa panafungwa, na wewe unakosa kazi. Ndiyo maana amenyamaza."

"Mjinga huyu!" Mzee alifoka, na machozi yakamlengalenga. "Nani kamtuma anilinde? Mimi nilimwomba anilinde?"

Inspekta alimpigia Mkuu. Alieleza yote kwa haraka: ukuta, unyayo, dohani, lakiri. Mkuu akasema, karibu kwa furaha, "Basi imeisha! Meneja alinipigia sasa hivi, mlinzi kamwambia umeenda huko. Anasema inawezekana fundi alimuuzia jirani. Tumempata na mnunuzi. Mlete huyo mzee."

"Mkuu, hakuna jirani! Ni kiwanda kimoja!"

"Una karatasi inayosema hivyo? Wao wanazo zinazosema ni kampuni mbili. Gari linaondoka."

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba anaweza kuiwekea lami. Inspekta aliitazama simu mkononi kana kwamba ingemwomba radhi. Hakuikata.

Mzee alikuwa amesikia. Aliokota kitambaa chake akakikung'uta taratibu. "Wanasema hawatujui?"

"Hawajawahi kuwaona, wanasema."

Mzee alilitazama boila, kisha lile bomba la fedha lililoingia ukutani, na koki kubwa nyekundu iliyokuwa shingoni mwake. "Saa hizi tanuri limejaa," alisema. "Mvuke ukikatika rangi ikiwa haijakomaa, inajikunja kama utando wa maziwa. Kila gari inabidi likwanguliwe upya." Alifuta masizi kwenye ile koki. "Nikifunga hii, kesho sina kazi. Wala wenzangu."

"Sijakuambia ufunge, baba."

"Najua hujaniambia. Ungeniambia ningekatalia mbali." Alizungushia kitambaa mikononi, akaishika koki. "Kijana hata kuaga hajui. Kozi!"

Akaifunga kwa mizunguko mizito, akilaani kila mzunguko. Bomba liligugumia, likatulia. Walisimama pale wawili, simu ikiwa wazi mkononi mwa Inspekta, na Mkuu akisikika kwa mbali akiita haloo, haloo.

Hawakungoja sana. Ukutani, pale ambapo upande wa pili lilitundikwa bango la SIFURI, kipande cha ukuta kilichopakwa rangi ya saruji kilifunguka. Kilikuwa mlango wa chuma. Meneja alitoka akihangaika na turubai lililomng'ang'ania kichwani, tai imehamia begani.

"Nani kafunga mvuke? Mzee, umelala? Magari yangu yote yako..."

Akamwona Inspekta.

Mtu huyo alikuwa na kipaji, hilo Inspekta alimkubalia. Aliweka tai sawa, akavuta pumzi. "Nimekuja kumwona jirani," alisema. "Kwa heshima tu."

"Karibu," Inspekta alisema. "Nilidhani hamfahamiani."

Nyuma ya mlango sauti za mafundi zilipaa, mtu akipiga yowe kwamba rangi inaanza kushuka. Jasho lilijitokeza kwenye mdomo wa juu wa Meneja.

Mzee aliweka mkono kwenye koki, mtiifu kama alivyokuwa miaka yote. "Nifungue, bosi?"

Meneja alimtazama Inspekta, akaitazama simu, akaelewa. Jirani haamrishwi. Ukisema fungua, boila ni lako, na dohani ni yako, na kile chombo cha bluu kinachopepesa juu hakijawahi kuibwa. Ukinyamaza, ng'ambo ya mlango magari yako yanaharibika moja baada ya jingine, na kesho wakaguzi watayakuta.

"Bosi," Mzee alirudia, kwa upole. "Rangi inashuka. Nifungue?"

Kutoka ndani mtu aliita, sasa kwa sauti ya kilio, "Meneja! Meneja!"

"Fungua," Meneja alisema.

"Nani anasema?" Mkuu aliuliza kwenye simu, sauti ndogo na kavu.

Inspekta aliinua simu, akaisogeza karibu na mdomo wa Meneja. "Sema tena, Mkuu hakusikia vizuri. Sema ni boila la nani."

"Fungua boila langu!" Meneja alipaza sauti. "Fungua, mzee, kwa jina la Mungu!"

Koki ilizunguka. Mvuke ulinguruma kwenye bomba, na juu kabisa dohani ikatema donge jeusi, na kile chombo cha bluu kikalipima. Kwenye simu Mkuu alikuwa akimpigia mtu kelele ageuze gari.

Meneja alirudi nyuma hatua moja, kuelekea mlangoni.

"Hapana," Inspekta alisema, akimwonyesha zile nyayo za njano pale chini. "Simama hapo hapo, kwenye mstari."

Mzee alikuwa ameketi kwenye ngazi ya boila, akikikunja kitambaa chake. "Binti," alisema, "huko mahabusu wanapewa chakula?"